Mkalimani

Nyumba yetu ya Mabela hunukia siku zote:
udi wa Ijumaa, maji ya waridi ya Jebel Akhdhar,
shuka zilizofukizwa, hata bili ya umeme inanukia.
Nani angeweza kunusa mlevi humo?
Azzan alikatiza sebuleni kama bwana harusi
na mama akasema, mwanangu siku hizi nadhifu.

Chupa nilizikuta nyuma ya mashine ya kufulia,
kumi na saba, za kolonya, nusu riali moja,
zile zenye ua la manjano
ambazo kinyozi humpaka mtu shingoni.
Nilizihesabu mara mbili. Sikumwambia mtu.

Kabla ya chupa kulikuwa na kiyoyozi.
Alikizima mwezi wa Julai, nyuzi arubaini na sita,
akaketi anatiririka. "Kinanisema," alisema.
Mama akamleta mwalimu kutoka Barka;
akasoma, akapuliza, akanywa kahawa, akaenda zake,
na kiyoyozi kikaendelea.
Ndipo Azzan akajigundulia dawa:
vifuniko viwili, wanaongea kwa mbali;
chupa nzima, wanalala.
Asubuhi wanaamka kabla yake
na kiu yao.

Hospitali ina milango miwili.
Wa kwanza: aache kwanza kunywa,
hatutibu kichwa kilicholowa.
Wa pili: kitulie kwanza kichwa,
hapa hatupokei wanaosikia.
Baina ya mlango na mlango ni hatua themanini na moja,
mtende mmoja, na benchi la chuma lisilokalika mchana.
Tulilikalia miezi minane.
(Sisemi kwa mafumbo. Alama ya moto ninayo pajani.)

Hadi Daktari Ibtihaj, binti wa Nizwa,
alipochukua faili la buluu na faili la kijani,
akayabana kwa kibanio cha shela yake,
akasema kwa Kiarabu: huyu ni mtu mmoja.
Nililia, kwa jambo dogo kama hilo.

Kisha akauliza, sauti zinasema nini?
Azzan akanigeukia.
"Mwambie haziongei Kiarabu."
Mwenyewe kazaliwa hapa, kasomea hapa,
hata akiota mpira anashangilia kwa Kiarabu,
lakini wao humtukana kwa Kiswahili cha Bibi Shinuna,
cha jikoni, cha mbuzi ya nazi na kifuu,
kile tunachokivua mlangoni pamoja na viatu.

Basi nikawa mkalimani wa watu wasiokuwepo.
*Hamnazo*: nikapapasa, Kiarabu kikanipa neno lenye adabu mno.
*Mzigo wa mamako*: hilo lilipita.
*Kinyangarika*: daktari akangoja, nikaeleza,
nikaeleza tena. Kumbe hata tusi lina kwao.

"Na huyu mmoja," Azzan akasema, "hatukani.
Huyu huniambia taratibu: lala tu,
usiamke, uwapumzishe watu.
Ana sauti ya Zeyana."

Mimi ndiye Zeyana.

Kalamu ilikuwa hewani.
Nikasema: yupo na mwanamke.
Anasema nini?
Nikasema, anamwambia alale.

Sasa ni wiki ya sita. Vidonge usiku,
kikao Jumatatu na Jumatano.
Mara moja alirudi ananukia shingo ya kinyozi
na hakuna aliyemfungia mlango.

Jana usiku, kiyoyozi kinaunguruma,
nilimwambia nilichokimeza mbele ya daktari.
Akacheka, kicheko kikavu, cha zamani.
"Nilijua si wewe. Ile sauti ni ya upole.
Wewe ungepiga kelele."

Miadi ni kesho, saa nne.
Nyuma ya kadi nimeliandika kwa Kiarabu, neno kwa neno,
lile la kulala na kutoamka, na jina langu chini yake,
nisije nikalitafsiri vizuri tena.